Ziara ya Uwanja wa MCG, Melbourne: Kuielewa Kazi ya Jim Stynes Ukiwa Kando ya Nyasi

Wageni wengi wanaofika Melbourne hupelekwa kwenye uwanja wa Melbourne Cricket Ground, maarufu kwa kifupi MCG, kwa sababu ya ukubwa wake: unachukua watazamaji wapatao 100,000, ulikuwa uwanja mkuu wa Michezo ya Olimpiki ya mwaka 1956, na fainali ya mwaka 1970 ya kandanda ya Australia, mchezo tofauti na soka, kati ya Carlton na Collingwood iliingiza watu 121,696. Mimi nilikwenda kwa sababu ya mtu mmoja, Jim Stynes, kijana wa Dublin aliyeingia katika kandanda ya Australia akiwa hajawahi kuucheza mchezo huo, akaja kushinda tuzo yake kubwa kuliko zote. Kwa hiyo nimeipima ziara hii kwa swali ambalo huenda halikuwa akilini mwa walioiandaa: je, mtu ambaye hakukulia katika mchezo huu hutoka pale akiwa ameielewa kazi ya mchezaji huyo kuliko alivyoingia? Jibu langu ni ndiyo, tena ndiyo ya moyo mweupe, ilimradi mgeni awe amejisomea kidogo kabla ya kwenda na asione haya kuuliza maswali.

Kwanza taratibu za kuingia. Ziara ya kuongozwa huanzia lango namba 3, huchukua muda wa saa moja na robo hivi, na haifanyiki siku ambazo kuna mechi. Tiketi hununuliwa ya ziara peke yake au pamoja na jumba la makumbusho la Australian Sports Museum lililomo ndani ya uwanja huo huo; nashauri mtu achukue zote mbili, kwa sababu nitakazozieleza. Waongozaji wengi ni watu wanaojitolea, wanachama wa klabu ya kriketi ya Melbourne ambao wameangalia mechi pale tangu utotoni, na hilo ndilo linaloipa ziara thamani yake. Mwongozaji wetu alikuwa mzee mwenye sauti ya chini na subira nyingi, na kila alipoulizwa jambo alijibu kama mtu anayesimulia habari za ukoo wake.

Kabla ya kulipa chochote, hata hivyo, mgeni na apite kwanza kwenye sanamu zilizo nje. Katika njia ya waenda kwa miguu iitwayo Avenue of Legends zimesimamishwa sanamu za shaba za watu walioutukuza uwanja huu: Shane Warne na Neil Harvey wa kriketi, Norm Smith, John Coleman na Kevin Bartlett wa kandanda, na Jim Stynes, ambaye sanamu yake iliwekwa mwaka 2014, miaka miwili baada ya kifo chake. Haigharimu kitu kuiona. Miongoni mwa wote hao, ni yeye peke yake aliyetua Australia akiwa na umri wa miaka 18 bila kujua namna ya kuudundisha mpira wenye umbo la yai.

Jambo hili la mpira linahitaji kuelezwa, kwani bila hilo safari ya Stynes haieleweki. Mpira wa mchezo huu ni wa ngozi, una vipande vinne vilivyoshonwa pamoja, na ncha zake mbili zimechongoka. Sheria inamtaka mchezaji anayekimbia nao audundishe au auguse chini angalau mara moja katika kila mita 15. Nilinunua mpira wa Sherrin, ambao ndio unaotumika katika ligi kuu, nikaujaribu katika bustani ya Yarra Park inayouzunguka uwanja. Ukiuangusha ukiwa umelala hivi hivi, unaruka pembeni kama kuku aliyefukuzwa jikoni. Inabidi uinamishe ncha ya mbele kidogo, uusukume chini mbele ya mguu, na ncha ile ndiyo iguse ardhi kwanza, ndipo urudi mkononi. Na hayo yote yafanyike mtu akiwa mbioni, nyuma yake kuna mpinzani mwenye kilo 90. Watoto wa Victoria, jimbo la Melbourne, hulijua hili kabla ya kujua kusoma. Stynes alilijifunza akiwa mtu mzima.

Alikulia Rathfarnham, Dublin, akicheza kandanda ya Kiayalandi, mchezo ambao mpira wake ni wa duara lakini ambao nao unaruhusu kudaka kwa mikono na kupiga kwa mguu. Mwaka 1984 alikuwa katika timu ya vijana ya Dublin iliyotwaa ubingwa wa Ayalandi nzima. Wakati huo klabu ya kandanda ya Melbourne ilikuwa chini ya kocha Ron Barassi, ambaye sanamu yake nayo ipo nje ya uwanja huu, na Barassi aliamini kwamba vijana warefu na wepesi wa Ayalandi wangeweza kugeuzwa kuwa wachezaji wa Australia. Klabu ikatoa tangazo gazetini, ikiahidi pia kugharamia masomo ya chuo, na Stynes akaliitikia. Alifika mwishoni mwa mwaka huo. Mwaka 1986 alikuwa akiivaa jezi ya Prahran, timu ya ngazi ya chini, ili apate uzoefu, na mwaka 1987 akaanza kucheza katika kikosi cha kwanza cha Melbourne.

Mwongozaji alipotufikisha kando ya nyasi, nilimwomba anionyeshe umbali wa mita 15. Alitabasamu, akajua mara moja ninachokiulizia, akanyoosha mkono kutoka ukingoni hadi mahali fulani ndani ya uwanja. Naomba nikae hapa kidogo, kwa sababu mita hizo 15 ndizo zilizokaribia kuizika kazi ya Stynes ikiwa changa. Ilikuwa nusu fainali ya mwisho ya mwaka 1987, Melbourne dhidi ya Hawthorn, katika uwanja wa Waverley ulio upande wa kusini-mashariki mwa jiji. Melbourne haikuwa imefika hatua hiyo ya mashindano tangu mwaka 1964. Sekunde za mwisho zikiwa zinayoyoma, Melbourne ikiongoza kwa pointi 4, Gary Buckenara wa Hawthorn akapewa mpira wa adhabu mbali na goli. Katika mchezo huu, mpinzani husimama mahali alama ilipowekwa, na mtu mwingine haruhusiwi kukatiza kati yake na mpigaji. Stynes, akimkimbilia mpinzani aliyemdhania kuwa ameachwa peke yake, akakatiza. Mwamuzi akamsogeza Buckenara mbele kwa mita 15, king'ora cha kumaliza mechi kikalia, na Buckenara akapiga mpira ukapita katikati ya milingoti miwili mirefu kwa pointi 6. Melbourne ikashindwa kwa pointi 2, na nahodha wake Robert Flower, aliyecheza miaka yote hiyo bila kuonja fainali, akawa amemaliza mechi yake ya mwisho.

Nimeisoma habari hiyo mara nyingi, lakini sikuwa nimeielewa. Ukisimama ukingoni pale MCG na kuelekeza macho kwenye milingoti, unaona wazi kwamba kutoka mita 55 milingoti ile miwili imekaribiana na mpigaji lazima aweke nguvu zake zote, na kutoka mita 40 inafunguka na mpigaji wa kiwango hicho hupiga kwa utulivu. Hakuna maandishi yanayoweza kukupa tofauti hiyo. Picha za televisheni za siku ile zinamwonyesha John Northey, kocha wa Melbourne wakati huo, akimkemea Stynes chumbani huku nchi nzima ikitazama. Kijana wa miaka 21, ugenini, katika mchezo alioujua kwa miaka mitatu tu: wengi wangefungasha virago na kurudi kwao.

Yeye alirudi mazoezini. Mwaka uliofuata Melbourne ilifika fainali hapa hapa MCG na kupigwa na Hawthorn ile ile kwa tofauti ya pointi 96, na Stynes alikuwamo. Mwaka 1991 akashinda medali ya Brownlow, ile tuzo kubwa kuliko zote. Medali hii hutolewa kwa kura za waamuzi: baada ya kila mechi ya msimu wa kawaida wao huwapa wachezaji watatu waliong'aa kura 3, 2 na 1, na mchezaji aliyefungiwa kwa utovu wa nidhamu hawezi kuitwaa hata akiwa na kura nyingi kuliko wote. Kwa hiyo inampima mtu kwa uhodari na uungwana kwa pamoja. Hadi wakati ule haikuwa imewahi kwenda kwa mtu aliyelelewa na kuchukuliwa kutoka nje ya Australia. Mwaka huo huo wachezaji wenzake wa ligi nzima walimchagua kuwa bora wao, na klabu yake ikampa tuzo yake ya mchezaji bora, tuzo ambayo alikuja kuitwaa tena mwaka 1995, 1996 na 1997.

Sehemu iliyonifaa zaidi katika ziara nzima ni ile ya kuuona uwanja wenyewe kwa kimo cha mchezaji. Uwanja wa kandanda tuliouzoea una urefu wa takribani mita 105. Huu una kama mita 160, ni wa mviringo, na upana wake unakaribia mita 140. Timu ina watu 18 uwanjani, mechi ina robo nne za dakika 20 kila moja, na saa husimamishwa mpira unapotoka, hivyo kila robo hukaribia nusu saa. Stynes, aliyekuwa na urefu wa karibu mita 2, alikuwa mrukaji, yaani yule ambaye kazi yake ilikuwa kuruka dhidi ya jitu mwenzake kila mwamuzi alipoudundisha mpira katikati au kuurusha juu, na kuupiga kwa kiganja uwafikie viungo wake. Warukaji wa zamani walikuwa watu wazito waliokwenda polepole kutoka pambano hadi pambano. Yeye alikimbia kama kiungo, akatokea upande huu na upande ule kupokea pasi, na makocha wakaanza kutafuta warukaji wa namna yake.

Sasa mtu na aiangalie takwimu inayotajwa mara nyingi kumhusu: mechi 244 mfululizo bila kukosa hata moja, kuanzia mwaka 1987 hadi 1998, kati ya mechi zake zote 264. Rekodi ya awali ilikuwa ya Jack Titus wa Richmond, mshambuliaji wa miaka ya 1930 na 1940, na baada ya Stynes zilipita zaidi ya miaka 25 bila mtu kumfikia. Karatasini ni namba tu. Ukiwa pale chini, ukayaona majukwaa yalivyopanda na nyasi zilivyotandaa, ukafikiri kwamba kila wiki mtu huyu aligongana magoti na vifua na watu wa kilo zaidi ya 100 makumi ya mara, kisha akayakimbia mawanda haya kwa saa mbili, ndipo unapotambua kwamba hapo kulikuwa na ukaidi wa mwili na wa nia ambao si wa kawaida. Aliwahi kurudi uwanjani wiki moja tu baada ya kuumia vibaya kifuani, wakati ambapo madaktari walitarajia apumzike kwa majuma kadhaa. Sisemi kwamba hilo ni jambo la kuigwa na vijana wetu. Nasema kwamba bila kulijua hutaielewa heshima anayopewa mjini hapo.

Kuhusu makumbusho nitasema kwa ufupi. Ni ya michezo yote ya Australia, kuna sehemu ya watoto ya kujaribu michezo kwa vitendo ambayo familia zitaifurahia, na humo ndimo ulipo Ukumbi wa Heshima wa kandanda ya Australia, ambao Stynes aliingizwa mwaka 2003. Faida yake kwa mgeni ni kumweka mchezaji katika foleni ndefu inayoanzia mwaka 1858, wakati Tom Wills na wenzake walipoanza kuucheza mchezo huu katika bustani zile zile zilizo nje ya lango, na mwaka 1859 kanuni za kwanza zilipoandikwa na klabu hii hii ya Melbourne. Stynes aliajiriwa na mojawapo ya klabu kongwe kabisa za kandanda duniani, ya aina yoyote ile, na uzito huo unauhisi ukipita katika Long Room, ukumbi wa wanachama wa klabu ya kriketi ambao ndio walioilea timu hiyo.

Wasomaji wetu wa Kenya watapenda kujua kwamba mlango alioupanua Stynes kwa watu wa nje umepitiwa na wengine ambao njia yao ilianzia karibu na nyumbani. Majak Daw, mzaliwa wa Khartoum, alikuwa mwaka 2013 mchezaji wa kwanza mzaliwa wa Sudan kucheza ligi kuu ya Australia, na Aliir Aliir, aliyechaguliwa katika kikosi bora cha ligi mwaka 2021, alizaliwa katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma. Wao hawakuja kwa tangazo la gazeti. Lakini dhana kwamba mchezaji anaweza kufundishwa mchezo huu akiwa tayari amekua, na akafika kileleni, Stynes ndiye aliyeithibitisha.

Kuna upande wa maisha yake ambao uwanja, kwa asili yake, hauwezi kuuonyesha, na mgeni asitarajie kuupata hapo. Mwaka 1994, akiwa bado anacheza, alianzisha pamoja na Paul Currie taasisi ya Reach, inayoendesha warsha za vijana ili wazungumze wazi juu ya hofu na matumaini yao. Alikuwa amesomea ualimu kwa ule ufadhili wa klabu, na naamini kazi hii ndiyo aliyoiona kuwa kazi yake hasa. Ndiyo iliyomfanya atambuliwe mara mbili kuwa raia wa mwaka wa jimbo la Victoria. Kazi hiyo ilifanyika katika kumbi za shule na vyumba vya mikutano, mahali ambapo hakuna majukwaa.

Mwaka 2008 alikubali kuwa mwenyekiti wa klabu ya Melbourne, iliyokuwa na deni la takribani dola milioni 5 za Australia na timu inayoburura mkia. Mwaka 2009 alitangaza kwamba ana saratani ya ngozi aina ya melanoma, ambayo baadaye ilienea hadi kwenye ubongo. Aliendelea na uenyekiti kati ya upasuaji mmoja na mwingine, na mwaka 2010 klabu ikatangaza kwamba deni limekwisha. Uaminifu unanitaka niseme pia kwamba mambo ya uwanjani hayakunyooka katika miaka hiyo: Julai 2011 timu ilipigwa na Geelong kwa tofauti ya pointi 186, moja ya vipigo vikubwa kabisa katika historia ya ligi, na kocha akafukuzwa. Stynes aliacha uenyekiti mwanzoni mwa mwaka 2012, akafariki tarehe 20 Machi mwaka huo akiwa na umri wa miaka 45. Klabu aliyoiokoa isife ilikuja kutwaa ubingwa mwaka 2021, baada ya miaka 57 ya ukame, katika fainali iliyochezwa Perth kwa sababu ya korona.

Mwenye miguu mizuri na aongeze nusu saa ya kutembea kando ya mto Yarra kutoka uwanjani hadi kanisa kuu la St Paul's, mkabala na kituo cha treni cha Flinders Street, ambako serikali ya Victoria ilimfanyia mazishi ya heshima. Kwangu matembezi hayo yalikuwa sehemu ya ziara, ingawa hayamo katika tiketi, kwa maana yanaunganisha mchezaji wa mahali pale na mtu aliyeliliwa na jiji zima.

Kwa hiyo nani aende? Mpenzi wa michezo yoyote atatosheka. Mtu anayekwenda kwa ajili ya mchezaji mmoja, kama nilivyofanya, amwambie mwongozaji mapema, kwani ziara inagusa kriketi, Olimpiki na kandanda kwa pamoja, na mwongozaji akijua unachokitafuta hukuchagulia pa kusimama na cha kutazama. Mwenye watoto wadogo aanzie makumbusho. Anayekwenda kati ya Juni na Agosti achukue koti zito, maana upepo wa kusini hupita katikati ya majukwaa bila kizuizi.

Na kama ratiba inaruhusu, tafuta mechi ya Melbourne siku nyingine ya wiki hiyo hiyo, kati ya Machi na Septemba, ununue tiketi ya bei ya chini katika jukwaa la juu nyuma ya milingoti. Kwa robo moja nzima usiufuate mpira. Mfuate mrukaji mmoja tu, hesabu mara anazoruka na mara anazogongwa, angalia anakokimbilia baada ya kila pambano, kisha jiulize angeweza kuyafanya hayo kila wiki, bila kukosa hata moja, kwa miaka 11.